Kilichoandikwa Juu ya Mtoto Wako

Jioni hii naomba mnipe masikio yenu kwa muda mfupi tuzungumze juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulipita kila siku bila ya kulitazama, nalo ni jalada la mtoto shuleni: ndani yake huandikwa nini, nani ana ruhusa ya kulisoma, na mzazi ana mamlaka gani juu yake. Nimechagua kulieleza kwa njia ya sheria moja ya Marekani, kwa sababu mbili. Sheria hiyo imetimiza zaidi ya miaka 50 ikitumika, na vifungu vyake vimekwisha kupimwa maofisini na mahakamani, hata twaweza kuona palipo na nguvu na palipo na udhaifu. Na tena, ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, aghalabu wale waliotoka Kongo na kupitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, leo wana watoto katika shule za Louisville, za Houston na za Phoenix, nao hutia saini karatasi za shule ambazo hapana mtu aliyewaeleza maana yake.

Basi na tuanze na swali. Mtoto akiandikishwa shule, ni nini kinachokusanywa juu yake? Ni maandishi, wasikilizaji wangu, tena maandishi mengi. Kuna fomu ya kuandikishwa yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na mahali anapokaa. Kuna alama za kila muhula na mahudhurio ya kila siku. Kuna habari za chanjo. Kuna adhabu alizopewa pamoja na sababu zake. Na katika shule za Marekani kuna pia maoni ya mshauri wa wanafunzi, na taarifa za wataalamu waliompima kama ana upungufu wa kusikia, wa kusoma au wa kutulia. Mwalimu aliyeandika sentensi mbili juu ya mtoto wa miaka saba huenda akahamia mji mwingine na kuisahau hata sura ya mtoto yule, lakini sentensi zile hubaki mahali pake, zikaja kusomwa na mwalimu wa darasa la nane ambaye hajapata kuonana na mtoto huyo, naye akaanza kumjua kwa macho ya mtu mwingine.

Sasa sikilizeni lililo la ajabu. Kabla ya mwaka 1974, katika sehemu nyingi za Marekani, jalada la namna hii lilikuwa wazi kwa wageni na limefungwa kwa wazazi. Askari wa polisi aliyefika shuleni kuuliza habari za kijana aliweza kusomewa, mwajiri aliyetaka kujua tabia ya aliyeomba kazi aliweza kujibiwa, lakini mama aliyekuja kuuliza kwa nini mwanawe amewekwa katika darasa la wasioweza kujifunza aliambiwa kwamba hiyo ni siri ya shule. Wataalamu walioitwa na taasisi ya Russell Sage walilikemea jambo hilo, wakatoa miongozo yao mwaka 1970, lakini mwongozo humwomba mtu, na sheria humlazimisha. Sheria ilikuja kwa mkono wa Seneta James Buckley wa New York, na Rais Gerald Ford akaitia saini tarehe 21 Agosti 1974, siku 12 tu baada ya kushika madaraka kutoka kwa Richard Nixon, wakati taifa zima lilikuwa lingali na uchungu wa kugundua jinsi wakubwa wake walivyopeleleza watu na kuficha maandishi. Ilianza kutumika tarehe 19 Novemba mwaka huohuo. Wamarekani huiita kwa herufi zake za mwanzo, FERPA, na maana yake ni sheria ya haki za familia katika elimu na faragha.

Nawaomba mlishike neno moja hapa, maana ndilo nitakalolirudia. Watu wakisikia habari ya faragha hudhani kwamba ni kuficha tu, yaani kumzuia mgeni asione. Lakini sheria hii ilianza na haki nyingine iliyo kubwa zaidi kwa maoni yangu, nayo ni haki ya mzazi kusoma. Kwani yafaa nini jalada kufichwa mbele ya watu wote, pamoja na yule ambaye habari zake zimeandikwa humo na yule aliyemzaa? Siri ya namna hiyo humlinda mwandishi peke yake, na mtoto hubaki hana mlinzi.

Haki ya kusoma huenda hivi. Mzazi hupeleka ombi lake shuleni, na shule hulazimika kumwonyesha jalada la mtoto wake katika muda usiozidi siku 45. Wakati ombi hilo lingali linashughulikiwa, shule haina ruhusa ya kuharibu karatasi hata moja iliyomo. Yaweza kumtoza gharama ya nakala, lakini haiwezi kumtoza kazi ya kutafuta jalada lenyewe. Na kama mzazi yuko mbali kiasi cha kushindwa kufika, shule impelekee nakala au ifanye mpango mwingine ili asome. Akikuta neno asilolifahamu, ana haki ya kuuliza na kuelezwa. Yasiyokuwemo katika haki hii ni machache, na mojawapo ni vijikaratasi vya mwalimu alivyojiandikia mwenyewe kwa kumbukumbu yake, ambavyo hakuvionyesha kwa mtu mwingine ila yule anayeshika nafasi yake kwa muda. Akivionyesha kwa wenziwe, basi vimekwisha kuwa sehemu ya jalada.

Mtaniuliza, mzazi ni nani? Hilo ni swali la maana sana kwetu sisi, ambao watoto wetu hulelewa na bibi, na shangazi, na mjomba, na kaka mkubwa aliyebaki baada ya vita kuwachukua wengine. Nimefurahi mno kuona kwamba sheria hii haikumfunga mzazi katika baba na mama peke yao. Imesema kwamba mzazi ni pamoja na mlezi, na pamoja na mtu anayesimama mahali pa mzazi ikiwa mzazi au mlezi hayupo. Kwa hiyo bibi aliyefika Kentucky na wajukuu watatu, ambaye wazazi wao hawakuonekana tena tangu Kivu kule Kongo, asikubali kuambiwa na karani kwamba hana haki ya kuuliza. Anayo. Na kwa wazazi walioachana, sheria huwapa wote wawili haki sawa, mke na mume, isipokuwa kama pana amri ya mahakama au hati ya sheria inayomwondolea mmoja wao haki hiyo. Yaani si kazi ya mwalimu mkuu kuamua nani katika wawili hao ni mzazi mwema.

Jambo la lugha nalo limetajwa. Kila mwaka shule hulazimika kuwatangazia wazazi haki zao hizi, na kanuni zinasema kwamba katika shule za msingi na za sekondari wale ambao lugha ya nyumbani kwao si Kiingereza nao wajulishwe kwa njia itakayowafikia kweli. Karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa katika mkoba wa mtoto wa darasa la pili haiwezi kuhesabiwa kuwa imemfikia mama asiyesoma Kiingereza. Mama huyo na amwambie mwalimu bila ya haya: nataka kuelezwa kwa Kiswahili.

Baada ya kusoma huja kusahihisha, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo walipo wengi wa ndugu zetu. Mnajua kwamba mtu aliyekimbia bila ya cheti cha kuzaliwa, anapoandikwa kambini au uhamishoni, mara nyingi hupewa tarehe 1 Januari kuwa siku yake ya kuzaliwa, na mwaka hukisiwa. Utakuta nyumba moja ya watu sita, na wanne kati yao wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Majina nayo hupinduliwa. La ukoo hufanywa la mtoto, na la mtoto hufanywa la ukoo, hata ndugu wawili wa tumbo moja husoma shule moja kwa majina ambayo hayaonyeshi udugu wowote. Mwaka uliokisiwa ukizidi, mtoto wa miaka kumi na miwili huwekwa pamoja na wa miaka kumi na minne, akaonekana mzito wa akili, na maneno hayo yakaandikwa; kumbe tatizo lilikuwa katika tarakimu moja ya fomu ya kwanza.

Sheria inampa mzazi haki ya kusema: andiko hili si sahihi, au linapotosha, au linavunja faragha ya mwanangu, naomba lisahihishwe. Shule ikikubali, mambo yamekwisha. Ikikataa, yapasa imjulishe kwamba ana haki ya kusikilizwa katika kikao rasmi, mbele ya mtu asiye na maslahi katika shauri lile, na mzazi aweza kuja na msaidizi wake, hata mwanasheria, ikiwa atamlipa mwenyewe. Kikao hicho hakikuwekwa ili kubishania alama. Mwalimu aliyempa mtoto 60 kwa insha yake hawezi kulazimishwa kumpa 80. Kinachoangaliwa ni kama kilichoandikwa ni kweli.

Na kama kikao nacho kikikataa? Shule yaweza kusema, sisi tumeifuata tarehe iliyo katika hati zenu za uhamiaji, nasi hatuna njia ya kuibadili. Hapo ndipo kilipo kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Mzazi ana haki ya kuandika maelezo yake mwenyewe, akasema jinsi anavyoona na kwa nini hakubaliani, na maelezo hayo hutiwa ndani ya jalada, yakakaa humo muda wote andiko linalobishaniwa litakapokaa, na kila mtu atakayeonyeshwa andiko lile sharti aonyeshwe na maelezo ya mzazi. Fikirini uzito wake! Mama aliyekuwa hana sauti ndani ya ofisi ile, maneno yake yatasafiri pamoja na maneno ya ofisi hadi shule itakayofuata. Hakushinda shauri, lakini hakunyamazishwa.

Sasa nije katika kuzuia wageni, ambako ndiko watu hukufikiria kwanza. Kanuni yake ni kwamba shule haitoi habari za jalada kwa mtu wa nje ila kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa na kutiwa saini na tarehe, ikataja ni habari gani, zinapelekwa kwa nani na kwa sababu gani. Walioachiwa njia bila ya ridhaa wamehesabiwa: watumishi wa shule wenye haja ya kweli ya kielimu, shule nyingine anakohamia mtoto, amri ya mahakama, hatari ya ghafla kwa maisha au afya, na wengine wa jinsi hiyo. Tena shule huweka orodha ya watu wa nje walioomba au kupewa habari, na mzazi ana haki ya kuiona, ili ajue jalada la mwanawe limepita mikononi mwa nani.

Lakini pana ufa, nami nautaja wazi. Sheria imeziruhusu shule kuziita baadhi ya habari kuwa ni za orodha ya kawaida, kama vile jina, anwani, simu, tarehe ya kuzaliwa, picha, na tuzo alizopata mtoto. Na habari hizo hutolewa bila ya kuuliza, isipokuwa mzazi awe amekwisha kuandika kwamba hataki. Aliyekaa kimya huhesabiwa kuwa amekubali. Kadhalika sheria nyingine iliyotoka baadaye huzitaka shule za sekondari ziwape maafisa wa kuandikisha askari majina, anwani na simu za wanafunzi wanapoyataka, mpaka mzazi akatae kwa maandishi. Mimi sioni kuwa ni insafu kwamba asiyejua Kiingereza achukuliwe kuwa amekubali lile ambalo hakupata kuelezwa. Ningalikuwa mtunga sheria, ningaligeuza: kimya kiwe ni kukataa.

Na yale yanayotokea darasani kabla ya kalamu kugusa jalada, je? Mwaka 1998 mama mmoja wa mji wa Owasso, jimbo la Oklahoma, aliwashitaki wenye shule ya wanawe kwa sababu walimu waliwaagiza watoto wabadilishane karatasi, wasahihishiane, kisha kila mmoja ataje alama zake kwa sauti. Sisi sote tunaijua desturi hiyo. Ni nani miongoni mwetu hakusahihishiwa na jirani yake wa dawati? Mahakama ya rufaa ilimpa mama haki, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani, Februari 2002, majaji wote tisa wakaamua kinyume, wakasema kwamba karatasi iliyo mikononi mwa mwanafunzi mwenziwe haijawa bado kumbukumbu inayohifadhiwa na shule. Kwa maneno ya sheria, nadhani walisema kweli, kwani pasipo jalada hapana siri ya jalada. Lakini mtoto aliyetaja sifuri mbele ya wenziwe thelathini, akasikia kicheko, haoni tofauti kubwa kati ya sifuri iliyotangazwa na ile iliyoandikwa, na mwalimu mwema haihitaji sheria ili aliache jambo hilo.

Juni ya mwaka huohuo, mahakama ileile ikasema tena kwamba mtu aliyevunjiwa haki zake chini ya sheria hii hawezi kwenda mwenyewe mahakamani kudai fidia kwa sheria hiyo. Afanyeje basi? Hupeleka malalamiko yake katika Wizara ya Elimu mjini Washington, katika muda wa siku 180 tangu tukio au tangu alipolijua, na silaha ya wizara ni kuinyima shule fedha za serikali kuu. Silaha hiyo ni nzito mno, hata haiinuliwi. Na shule isiyopokea fedha hizo, kama zilivyo shule nyingi za watu binafsi, haimo katika sheria hii kabisa. Tena siku hizi jalada limehama kutoka kabatini likaingia katika kompyuta za makampuni, na mwishoni mwa mwaka 2024 wezi waliingia katika mitambo ya kampuni moja kubwa inayotunza kumbukumbu za shule, wakachukua habari za mamilioni ya wanafunzi. Karatasi ya kabatini huibwa na mtu mmoja, mahali pamoja. Sasa wilaya nyingi huibiwa usiku mmoja.

Lipo pia jambo linalowashitua wazazi wetu. Mtoto akitimiza miaka 18, au akiingia chuo hata kabla ya umri huo, haki hizi zote hutoka mikononi mwa mzazi zikaenda kwake. Baba anayelipa ada apiga simu chuoni kuuliza alama, akajibiwa: mwulize mwenyewe. Asidhani ametukanwa. Chuo chaweza kumwambia baba ikiwa kijana bado ni tegemezi wake katika hesabu za kodi, lakini hakilazimiki. Sheria imeona kwamba habari hizi tangu mwanzo zilikuwa za mtoto, na mzazi alikuwa mshika amana mpaka mwenyewe akue.

Nanyi mlioko Afrika Mashariki msiseme kwamba haya ni ya wenzetu. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, nayo imetamka kwamba habari za mtoto hazitumiwi bila ya ridhaa ya mzazi au mlezi, na kwamba haki za mtoto za kuona na kusahihisha habari zake hutumiwa na mzazi au mlezi kwa niaba yake. Mwezi wa Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya ridhaa ya wazazi wao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake ya kuisimamia. Kwa hiyo sheria tunazo. Desturi ndiyo iliyo nyuma. Bado kuna shule ambapo majina ya wasiolipa ada husomwa mstarini asubuhi, mtoto akaadhibiwa kwa aibu kwa deni lisilokuwa lake. Na bado ni wazazi wachache mno waliowahi kuingia ofisini wakasema, naomba kuona kilichoandikwa juu ya mwanangu. Mzazi huitwa kupokea ripoti, akaambiwa mtoto ni wa 38 katika 52, akashukuru, akaondoka.

Nirudi, kabla ya muda wetu kwisha, kwa wale walioko Marekani, niwaambie namna ya kuomba. Barua haihitaji ufasaha wala wakili. Andika jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa kama shule inavyoijua, hata kama unajua imekosewa. Sema kwamba wewe ni mzazi au mlezi wake. Sema unaomba kusoma kumbukumbu zake zote za elimu, pamoja na za nidhamu na za vipimo, na kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Weka tarehe, tia saini, na ubaki na nakala, maana siku 45 huhesabiwa tangu shule ilipopokea barua. Usimtume mtoto mwenyewe awe mkalimani wako siku hiyo, kwa kuwa yawezekana ndani ya jalada mna maneno ambayo hapaswi kuyasikia kwanza kutoka kinywani mwake mwenyewe. Na fomu ile ya kukataa habari za orodha ya kawaida zisitolewe, mwulizeni karani wa shule mwezi uleule masomo yanapofunguliwa, kwani shule nyingi huweka siku ya mwisho ya kuirudisha, na ikipita mtangoja mwaka mwingine. Juma lijalo, inshallah, saa hizihizi, tutajibu barua zenu.